Mama Mkwe na Gari la Usalama

Mimi ni fundi wa madishi. Nikikufungia dishi juu ya bati lako hapa Nkende, mjini Tarime, linashika hata siku ya upepo, na jirani yako atakuja kuuliza nani kakufungia. Naanza kwa kujisifu hivi ili utakaposikia kwamba king'amuzi cha nyumbani kwangu kilikuwa kibovu, usinicheke sana. Kilikuwa kimeganda. Ukikiwasha kinakwenda moja kwa moja kwenye chaneli moja ya michezo na kukaa hapo, na ubonyeze rimoti mpaka kidole kiote sugu, hakisogei. Mke wangu aliniomba nikitengeneze tangu kabla ya Krismasi, nami nilimjibu kila mara kwamba kesho. Mafundi wote wako hivyo. Nenda kwa fundi cherehani uangalie suruali aliyovaa yeye mwenyewe.

Chaneli yenyewe ilikuwa ya mbio za magari. Si magari yenye milango na buti. Ni yale ya kiti kimoja, ya daraja la juu kabisa duniani: gari refu, jembamba, limelala chini karibu liguse lami, matairi yote manne yako nje, halina paa, na dereva kazama ndani, kofia yake tu ndiyo inaonekana. Mimi ni mtu wa mpira. Kwangu yale yalikuwa nyuki wa rangi rangi wanaozunguka sehemu moja jioni nzima bila kutua. Nilikuwa nazima sauti na kulala kwenye kochi.

Ndipo ng'ombe mmoja kule Itiryo akampiga teke mama mkwe wangu. Ng'ombe huyo alikuwa amezaa kwa mara ya kwanza na alikuwa hajazoea kukamuliwa, na mama mkwe hana subira na kiumbe yeyote asiyejua kazi yake. Alianguka juu ya jiwe, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Alipotoka hospitali wakasema maneno mawili. La kwanza, akae mjini karibu na watu wa mazoezi ya viungo. La pili, atembee kila siku, kwa sababu asipotembea mguu utakakamaa na Itiryo atapaona kwenye picha tu. Nyumba ya karibu ilikuwa ya binti yake. Binti yake ni mke wangu.

Kwa asiye wa huku inabidi nieleze, maana hata yule dada wa mazoezi, ambaye alihamishiwa Tarime kutoka mbali, alituuliza siku ya kwanza kama tumegombana. Hatujagombana. Kwetu Wakurya mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kutoonana. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, hamkai chumba kimoja, hamsemeshani ana kwa ana. Nimeoa miaka mingi, na mama mkwe nilikuwa namjua kwa sauti na kwa mgongo. Tukikutana njia moja Itiryo, yeye anakata kulia, mimi nakata kushoto, hata kama kushoto ni miiba mitupu. Na kulala kwenye nyumba ya mkwe wake ni jambo ambalo mwanamke wa rika lake halifikirii kabisa. Wazee wa pande zote wakakaa kikao, wakanywa, wakasema ugonjwa ni ugonjwa, alale. Lakini heshima nyingine zote zibaki palepale.

Kwa hiyo nikahama chumbani kwangu. Nikaenda kulala stoo, pembeni ya geti, katikati ya madishi na mizunguko ya waya. Nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Mtu umejenga nyumba yako mwenyewe, umeipiga lipu, halafu unalala umekumbatia dishi la futi sita.

Tatizo halisi, hata hivyo, halikuwa usingizi wangu. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba. Ili afike huko, mama mkwe alipaswa kupita korido, atoke mlango wa nyuma, avuke uwanja. Na mimi natoka stoo kwenda bafuni muda wowote. Aliogopa kukutana nami kuliko alivyoogopa kuanguka tena. Akaamua kukaa kitandani. Akaanza kula kidogo, kunywa maji kidogo, ili asiwe na sababu ya kutoka. Dada wa mazoezi alileta fremu ya chuma ya kutembelea, mama mkwe akaitazama akasema hawezi kuingia kwenye tenga la vifaranga. Dada akambembeleza, akamtisha, akaondoka anatikisa kichwa. Getini aliniambia kwamba akiendelea hivi wiki chache tu, basi. Mke wangu alilia jikoni, akasema moshi wa kuni. Siku hiyo tulikuwa tunapikia gesi.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mke wangu na jirani yetu walimbeba mama mkwe wakamweka kwenye kochi la sebuleni ili apate hewa. Wakawasha televisheni wakitafuta kwaya. Wakapata magari.

Mimi nilikuwa nimekaa nje, chini ya dirisha la sebule, kwenye kigoda, nachuna ngozi ya waya. Dirisha liko juu ya kichwa changu, kwa hiyo sioni ndani na wa ndani hanioni, lakini kila neno linasikika. Nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Kwa nini hawa hawaanzi mstari mmoja? Yule wa mbele kapewa na nani ile nafasi?"

Mke wangu akasema hajui. Akaja dirishani. "Baba watoto, mama anauliza kwa nini hawaanzi mstari mmoja."

Nilikuwa nimeshasikia, lakini heshima ni heshima, ilibidi nisubiri niletewe. Sikujua jibu. Nikatoa simu mfukoni. "Mwambie mama asubiri kidogo, mtandao unazunguka."

Mtandao ulipotulia nikasoma, nikamtuma mke wangu amwambie kwamba jana yake, Jumamosi, walishindana kufuzu. Kila mmoja anakimbia mzunguko wake wa haraka kabisa, wa polepole wanachujwa kwa awamu, na aliyebaki na muda mfupi kuliko wote ndiye anayepewa nafasi ya kwanza ya kuanzia. Mke wangu akageuza shingo, akarudia yote kwa mtu aliyekuwa hatua tatu kutoka kwake na aliyekuwa ameshasikia.

"Sawa," mama mkwe akasema. "Na yale magari mawili mawili yenye rangi moja?"

Nikasoma tena. Kila timu ina magari mawili na madereva wawili. Pointi zao zinajumlishwa kwa ajili ya timu, lakini kila dereva pia anatafuta ubingwa wake mwenyewe, kwa hiyo mtu wa kwanza ambaye dereva anataka kumshinda ni yule mwenzake, kwa kuwa wana gari la aina moja na akishindwa hana kisingizio.

Kisha mama mkwe, ambaye aliolewa nyumba ya pili, akasema polepole, "Wake wenza."

Kuanzia hapo hakuhitaji tena mtu wa kumshawishi. Alichagua gari moja la timu isiyo na chochote, lililoanzia nyuma karibu ya mwisho, akasema dereva wake anashika usukani kama mtu aliyelelewa. Mbio zilipoisha aliomba uji. Mke wangu alitoka nje mbio kuniambia, na mimi nilikuwa nimeshasikia.

Wiki nzima iliyofuata nilisoma kama mtu anayesubiri mtihani. Nilikuwa na kazi Mugumu, kufunga dishi kwenye nyumba ya wageni, na mwenye nyumba alinikuta juu ya bati lake, simu mkononi, nasoma habari ya upepo mchafu. Akaniuliza kutoka chini kama dishi lina hitilafu. Nikamwambia dishi ni zima, ila gari likifuata jingine kwa karibu kwenye kona, upepo unaotoka kwa lile la mbele umevurugika, mabawa ya lile la nyuma hayapati cha kushika, na gari linateleza. Ila kwenye sehemu iliyonyooka ni kinyume chake, ukikaa nyuma ya mwenzako anakukatia upepo, unakwenda bila kutumia nguvu nyingi, halafu unachomoka unampita. Mwenye nyumba ya wageni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nitashuka lini.

Jumapili ya pili yalikuja matairi. Nikamtuma mke wangu: ya laini yana alama nyekundu, yanakimbia sana lakini yanachoka mapema. Ya ngumu yana nyeupe, hayana haraka ila yanadumu. Ya njano yako katikati. Kama hakuna mvua, sheria inamlazimisha dereva atumie angalau aina mbili katika mbio moja, kwa hiyo lazima aingie kubadilisha, na watu wanakaa wamejipanga wanambadilishia yote manne kabla hujamaliza kupiga chafya.

"Ng'ombe wa kulimia," mama mkwe akasema. "Kijana unamfunga asubuhi, anavuta kwa pupa, saa nne kaisha. Mzee anafungwa baadaye, hana mbio lakini haachi mtaro." Kisha akageukia mambo yake. "Mimi hapa nimekuwa nikipewa uji asubuhi, mchana uji. Hizo ni laini tupu. Kesho nianze na ngumu."

Kesho yake akala ugali wa mtama na muhogo uliobaki na maziwa mgando, akamaliza, akaomba na nyama. Jikoni mke wangu aliimba wimbo wa kwaya ambao hata si wa kwaya yao.

Sasa kula kuna matokeo yake, na choo kilikuwa bado kiko nyuma ya nyumba. Hapo ndipo upinde ulipotuokoa. Katika mbio za Jumapili hiyo gari moja lilikuwa limepinduka, dereva akatoka mwenyewe akitembea, na mama mkwe aliuliza ule upinde wa chuma uliozunguka juu ya kichwa cha dereva ni wa nini, mbona unamziba macho. Nikajibu kupitia njia ya kawaida kwamba ulipoletwa mara ya kwanza watu wengi waliucheka, wakasema unaharibu sura ya gari. Siku hizi hakuna anayecheka, kwa sababu umeshazuia vichwa visipondwe, na hakuna dereva anayeruhusiwa kukaa bila huo.

Jumatatu dada wa mazoezi alipofika na uso wake wa kukata tamaa, mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. "Lete ule upinde," akasema. Dada hakuelewa. Mke wangu akamsogezea fremu. Mama mkwe akaishika, akasimama, akatetemeka mwili mzima, akakaa. Lakini alikuwa amesimama.

Ikabaki hofu ya kukutana nami. Na hili ndilo ambalo alilitatua yeye mwenyewe, bila simu yangu wala mtandao wangu. Alikuwa ameuliza kuhusu bendera. Nilikuwa nimemweleza kwamba njano maana yake kuna hatari mbele, punguza mwendo, usimpite mtu. Nyekundu, mbio zimesimamishwa, wote warudi. Bluu inaonyeshwa kwa dereva wa polepole anayekaribia kuachwa mzunguko mzima, kwamba nyuma yako anakuja mkubwa, kaa pembeni apite, na ukikaidi unaadhibiwa.

"Huyo wa polepole anajisikiaje?" aliuliza.

Nikasema hana la kujisikia, ndiyo sheria, ni heshima tu.

"Basi hawa wazungu nao wana ukwe," mama mkwe akasema.

Jioni ile ile akatoa amri. Akitaka kutoka chumbani, mke wangu atundike kitenge cha bluu kwenye mlango wa mbele, na mtu yeyote mwenye ndevu anayeonekana uwanjani aingie stoo na kufunga mlango. Akiwa chooni, kitambaa cha njano kwenye mlango wa nyuma: mtu anaweza kupita upande wa mbele, ila taratibu, na asikaribie. Akiwa anaoga, sweta jekundu: hakuna kutembea kabisa, hata wa jirani.

Utacheka, lakini ilifanya kazi. Kwa mara ya kwanza alikuwa na uhakika kwamba hatakutana nami, na akaanza kutoka. Asubuhi nilisikia fremu ikigonga sakafu ya korido, ko, ko, ko, nami niko stoo nimekaa juu ya boksi la ving'amuzi, nahesabu mapigo kama mtu mwenye kichaa. Siku nyingine anapita harakaharaka nasikia anamwambia mke wangu, "Naingia kubadilisha," na wote wanacheka huko nje. Mimi nacheka peke yangu gizani, mdomo kwenye mkono ili nisisikike.

Kisha ikaja siku ya kufua.

Nilikuwa natoka Sirari kwa pikipiki, nimeshinda mpakani na mteja mmoja wa upande wa Kenya aliyekuwa ananiambia kila baada ya dakika, "Fundi, hii kitu iko sawa ama haiko sawa?" Nina njaa, nina hasira, mkono mmoja nimeshika drili. Nikafungua geti. Kwenye kamba ya nguo, inayopita ubavuni mwa nyumba toka mbele mpaka nyuma, vilikuwa vimeanikwa kitenge cha bluu, kitambaa cha njano, sweta jekundu, na shuka jeupe pembeni yake.

Nikasimama. Bluu inanitaka niingie stoo. Nyekundu inanikataza kusogea. Njano inasema taratibu. Shuka jeupe sikulijua, nikatoa simu kuangalia, nikasoma kwamba bendera nyeupe inamaanisha mbele yako kuna gari linalokwenda polepole sana. Nikakubali kwamba hilo ni kweli. Nikaendelea kusimama, geti liko wazi, jua la mchana linanichoma utosi. Jirani akapita, akanisalimia, akaniuliza kwa nini siingii kwangu. Nikamwambia asome kamba.

Ambacho sikujua ni kwamba mama mkwe naye alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono kwenye fremu, anaitazama kamba ile ile kwa upande wa pili. Alikuwa amesikia pikipiki. Bendera zote zipo, na mtu wa kuzitafsiri amekwenda sokoni. Hakuthubutu kwenda mbele wala kurudi nyuma. Tulisimama hivyo, mimi huku na yeye kule, shuka katikati yetu, mpaka mke wangu aliporudi na kapu la mboga kichwani.

Aliliweka kapu chini, akaangalia huku, akaangalia kule. Alituambia maneno kwa Kikurya ambayo sitayaandika. Kisha akamtazama mama yake. "Mama," akasema, "umesimama hapo tangu saa ngapi?"

Alikuwa amesimama kuliko alivyowahi kusimama tangu upasuaji, na wala hakukumbuka kukaa. Dada wa mazoezi alipoambiwa alipiga makofi, akachukua fremu, akaacha fimbo. Tena akasema jambo ambalo lilitukalisha roho juu sote. Jumamosi atakuja kupima. Mama akiweza kuzunguka nyumba yote mara tatu kwenye ardhi ya nje, kwa miguu yake, ataruhusiwa kurudi Itiryo. Asipoweza, aanze upya, na safari hii itabidi ahamie Mwanza kwenye hospitali kubwa, huko ambako hana mtu.

Mama mkwe alikataa Jumamosi. "Jumamosi ni kufuzu," akasema. "Mbio ni Jumapili." Dada akakubali, sijui kama aliogopa au alichoka.

Ukali wa mama mkwe haukuwa wa bure, alikuwa anaogopa. Nilimsikia kupitia ukuta akimwambia binti yake kwamba ndani kuna ukuta wa kushika, nje hakuna. Nyuma ya nyumba kuna rundo la mawe ya msingi, kuna mteremko, kuna ile kona kali ya choo. Anataka mtu atangulie mbele yake aone pa kukanyaga, mtu mzito, mwanamume, si binti yake mwenye kilo za kuku. Wanangu wote wawili wako shule ya bweni. Shemeji zangu wako Itiryo na ng'ombe. Mwanamume aliyekuwepo ni mimi, na mimi ndiye mtu ambaye yeye hapaswi kumwona.

Nilisema nitaondoka nyumbani siku hiyo, niende Kemambo kwa rafiki, wamtafute mwanamume wa jirani. Niliona ndiyo heshima. Mke wangu akapeleka ujumbe.

"Mama anauliza," mke wangu akasema dirishani, "lile gari la usalama wanalionaje wale wa nyuma?"

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imenyesha kwenye mbio, magari mawili yakagongana, na likaletwa gari la usalama. Nilikuwa nimemweleza: hilo ni gari la kawaida lenye paa na taa za njano, linaingia mbele ya wote, wote wanalifuata kwa mwendo wake, hakuna kupitana, mpaka njia iwe salama. Likizima taa na kuingia gereji, mbio zinaendelea. Aliniuliza kama dereva wake akimaliza mbele anapewa kikombe. Nikasema hapana, yeye hahesabiwi, yuko mbele lakini hayuko kwenye mashindano.

"Wanaliona kwa nyuma," nikajibu. "Mgongo tu."

"Mgongo wake nimeshauona," mama mkwe akasema. "Mgongo hauna mwiko."

Jumapili baada ya kanisa uwanja wangu ulikuwa na watu kama wa harusi. Jirani kaleta benchi. Mke wangu alinifunga kitambaa cha njano mgongoni, akanipanga mbele ya mlango wa nyuma, uso ukiangalia choo, akaniambia nikigeuka ananiacha. Nikasikia mlango unafunguliwa. Nikasikia fimbo, na pumzi yake. Nikaanza kutembea.

Sijawahi kutembea vile maishani. Kila jiwe nililiondoa kwa mguu. Kwenye mteremko nilisema kwa sauti, kumwambia kuku aliyekuwa mbele yangu, "Hapa panateleza." Nyuma yangu sauti ikamjibu kuku yule yule, "Nimeona." Mzunguko wa kwanza ukapita. Kwenye kona ya choo nilipunguza, fimbo nayo ikapunguza. Wa pili ukapita, pumzi ikawa nzito, dada wa mazoezi akauliza kama apumzike, mama mkwe akamwambia asimsemeshe dereva kazini.

Mzunguko wa tatu, upande wa nyuma, palepale kwenye rundo la mawe, ndala yangu ikakatika. Kamba ilichomoka nikajikwaa, nikashika ukuta. Sikuweza kwenda mbele, mguu mmoja mtupu juu ya kokoto. Sikuweza kugeuka, mama mkwe alikuwa hatua chache nyuma yangu. Nikafanya nilichoweza: nikaegemea ukuta wa nyumba yangu, paji la uso kwenye lipu, macho nikayafumba. Nikasikia fimbo imesimama.

Niliogopa. Nilijua kwamba sehemu iliyobaki ndiyo mbaya, mteremko na kona, na mbele yake sasa hakuna mtu. Nilifikiria Mwanza. Nilifikiria kwamba nimeharibu kwa sababu ya ndala ambayo mke wangu aliniambia niitupe tangu kabla ya Krismasi.

"Kuku," sauti ikasema nyuma yangu, taratibu, "gari la usalama limeingia gereji."

Kisha nikasikia kitu kimeegemezwa ukutani, karibu na bega langu. Ilikuwa fimbo. Halafu nikasikia miguu tu, miguu bila fimbo, inanipita, inashuka mteremko, inakwenda kwenye kona. Mke wangu, dada, jirani, watoto juu ya uzio, wote waliona mama mkwe wangu akitembea peke yake. Mimi peke yangu sikuona. Nilikuwa nimesimama na lipu mdomoni, machozi yanashuka ukutani, nasikiliza, kama nilivyosikiliza mbio zote nyingine.

Nilijua amemaliza kwa kelele. Mke wangu alipunga taulo la vyombo la mirabaraba nyeusi na nyeupe, jirani akapiga vigelegele, na dada wa mazoezi, ambaye hakuwahi kuelewa chochote, alikuwa analia kuliko wote.

Alipokuwa tayari ameketi ndani, mke wangu alikuja nyuma ya nyumba na ndala nyingine mkononi. Akaitupa miguuni kwangu.

"Mama anasema ulikuwa mbele karibu mbio zote," akaniambia, "lakini gari la usalama halihesabiwi."

Nikavaa ndala. Nikamwambia amjibu mama kwamba najua, na kwamba leo jioni namtengenezea king'amuzi aende nacho Itiryo. Kutoka dirishani, kabla mke wangu hajageuza hata shingo, sauti ikamwambia kuku kwamba huyo mtu asikiguse, akiache kilivyoganda.